Kongosho la Mheshimiwa

Ulimwona. Usigeuze shingo sasa, maana shingo hiyo umeshaigeuza vya kutosha. Ulimwona mtaroni pale nyuma ya mashine ya kusaga, mbwa rangi ya vumbi, mbavu zimejipanga kama nondo za dirisha la duka, kaegemeza taya kwenye ukingo wa saruji kama mtu aliyechoka kusubiri foleni. Ukanyanyua pindo la nguo, ukaruka mtaro. Ukatema mate, yakaangukia karibu na sikio lake, ukajisemea moyoni kwamba hukukusudia. Sawa. Hujawahi kukusudia lolote tangu uzaliwe, ndiyo maana mtaro huo uko hivyo ulivyo.

Hukupita peke yako. Walipita wanakwaya na sare zao, wakifanya mazoezi ya wimbo wa upendo. Akapita bwana afya wa halmashauri, kaziba pua kwa faili. Halmashauri hiyo hiyo, kwa wasiosahau, ndiyo iliyowahi kutuma gari alfajiri likitupa minofu yenye sumu barabara nzima, kisha ikatangaza kwamba mji sasa ni safi, na mizoga ya mbwa ikabaki barabarani ikinuka huo usafi. Kuna watu kumbukumbu yao ni fupi kama mkia wa mbuzi. Wao na waendelee kuruka mitaro.

Aliyesimama ni Mama Sponji, na asidhani mtu kwamba alisimama kwa utakatifu. Mama Sponji ni fundi makochi. Kazi yake ni kulipasua kochi la mtu, kulitoa utumbo wote, kulijaza upya na kulishona, na anapofanya kazi hubana misumari midogo kati ya midomo, kwa hiyo watu wengi wamezoea kutukanwa naye bila herufi za midomo. Siku hiyo alikuwa amefuata magunia matupu mashineni, mkokoteni wake umejaa masalio ya sponji. Alipotoka na magunia, akamkuta mbwa kajikokota kutoka mtaroni, kaingiza kichwa mkokotenini, anatafuna sponji.

Akamtukana kwanza, kama ilivyo ada yake. Kisha akaona kwamba mbwa hachezi. Alikuwa anameza. Kiumbe kinachokula godoro hakina utani. Akaingiza mkono kinywani mwake kuvuta kile kipande, akitarajia kung'atwa. Mbwa akakiachia, akamlamba kiganja, kisha akamtazama kama mtu aliyekurudishia chenji sahihi. Basi. Kuna ndoa zimeanza kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na nyingine zimedumu.

Nyumbani kwa Mama Sponji ni vyumba vya kupanga vinavyotazamana, uwanja wa saruji katikati, bomba moja, kamba za nguo zinazopishana kama siasa. Chumba cha mbele ndicho karakana yake. Cha pili analala na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuja kwenye mazishi na kanga mbili na hakuondoka tena. Wifi alipouona ule mzigo mkokotenini aliuliza kama ni kochi la nani hilo limeletwa na mifupa nje.

"Ni mgeni," akasema Mama Sponji.

"Mgeni huja na mkono wake. Huyu kaja na mbavu."

Akala. Akala chakula cha Mama Sponji, akala cha wifi, akala maganda ya jikoni, akala kamba ya viatu, kisha akakaa mbele ya sufuria tupu akiisubiri ikumbuke kitu. Kesho yake vile vile. Wiki ikapita, anakula kuliko watu wazima wawili, na mwili hauongezeki hata kwa kuazima. Wifi ndiye aliyempa jina. Alisema hajawahi kuona kiumbe kinachomeza cha watu wote, hakionyeshi kilikopeleka, na bado kinarudi na macho ya huruma kuomba kingine, isipokuwa siku za uchaguzi. Akaitwa Mheshimiwa. Tofauti, alisema wifi, ni kwamba huyu angalau hanenepi.

Chakula kilikokwenda, hata hivyo, kulijulikana, na uwanja mzima ulijulishwa. Msomaji mwenye staha aruke aya hii kama alivyoruka mtaro. Kinyesi cha Mheshimiwa hakikuwa kinyesi cha mbwa mmoja. Kilikuwa kingi kama cha ng'ombe, cheupe cheupe kama udongo wa mfinyanzi, kinang'aa mafuta, na harufu yake haikupita: ilijikaribisha, ikakaa, ikavua viatu. Nguo zilizoanikwa zilifuliwa upya. Kinyozi wa chumba cha tatu, anayenyolea watu barazani mbele ya lango, aliapa kwamba mteja mmoja kaondoka na nusu ya kichwa.

Wakampa dawa ya minyoo. Wakampa tena. Bi Ufagio wa chumba cha pembeni, ambaye hagusi mbwa hata kwa fimbo na hufagia mlango wake asubuhi, mchana na jioni, alishauri kwa upole kwamba pengine kuna mkono wa mtu. Mama Sponji akamjibu kwamba mkono wa mtu upo, ndio huu unaozoa, na kama Bi Ufagio anao wa ziada auazimishe.

Mwishowe wakampeleka, yeye na wifi, kwa daktari wa mifugo. Huyo ni mwanamke mwenye buti za mpira ambaye maisha yake yote ni ng'ombe, na aliyefurahi kumwona mgonjwa anayeweza kunyanyuliwa mezani. Alimpapasa, akauliza maswali ambayo watu wastaarabu hawaulizi, akataka kuona kilichofungwa kwenye mfuko, akakinusa bila hata kukunja uso. Kisha akawaeleza. Kuna kiungo kinajificha nyuma ya tumbo, kinaitwa kongosho, na moja ya kazi zake ni kumwaga maji ya kuyeyushia chakula. La huyu limegoma. Anakula, lakini chakula kinapita ndani yake kama msafiri aliyelala safari nzima: kinapanda, kinashuka, hakijaona hata mji mmoja. Mbwa huyu anakufa njaa na tumbo limejaa.

Mama Sponji akauliza dawa ya kupona. Daktari akasema kupona hakuna. Kuna kumlea. Kuna unga wa dawa, lakini hauletwi huku. Kilichopo ni kongosho la ng'ombe, bichi, safi, limekatwakatwa hadi liwe ute, likachanganywa na chakula chake na kuachwa likae kidogo lianze kazi humo bakulini kabla hajala. Milo midogo midogo. Mafuta kwa mbali. Mfupa marufuku, makombo marufuku. Hadi siku atakayokufa.

"Kisicho na kongosho kisipite mdomoni mwake," akasema daktari. "Hata kwa upendo. Hasa kwa upendo."

Wifi alikuwepo. Alisikia. Liweke hilo akilini, litarudi.

Machinjioni walicheka hadi kisu kikaanguka. Mtu huja kuomba maini, huja kuomba figo, mwenye haya huomba utumbo, lakini kongosho? Hilo huwa wanawatupia kunguru. Mchinjaji mmoja mnene alimuuliza Mama Sponji kama anapika au anaroga. Akamjibu kwamba akishindwa kupika ataroga, na jina la huyo mchinjaji analijua. Tangu siku hiyo wakawa wanamwekea, wamemfungia kwenye jani la mgomba, na wakimuuliza hali ya Mheshimiwa kama wanavyouliza hali ya jamaa aliyelazwa.

Sasa hapa ndipo Mama Sponji alipokosea, na tusimfiche kwa kuwa tunampenda. Hakumwambia mtu. Aliona wamemcheka vya kutosha kwa mavi, hakutaka wamcheke na kwa kongosho. Kwa hiyo kila mlo alikuwa anajifungia karakanani na mkasi wake wa zamani wa vitambaa, anakata lile pande la kuteleza, anachanganya, kisha anakaa juu ya kochi la mteja na bakuli mapajani akisubiri ute ufanye kazi. Mheshimiwa alibaki nje ya mlango. Na Mheshimiwa, aliyekuwa anaisikia harufu na hajui sayansi, alilia. Hakubweka. Alilia kilio kirefu cha yatima, pua kwenye tundu la chini ya mlango, mkia umelala.

Wapangaji wakaona walichokiona: mwanamke kajifungia na chakula, mbwa mifupa mitupu analia nje. Ungekuwa wewe ungewaza nini? Najua. Ungewaza vile vile, kisha ungeongeza sauti ya redio.

Hata hivyo kongosho lilifanya kazi. Asubuhi moja Mama Sponji alimfuata Mheshimiwa kona ya uwanja na koleo mkononi, kama kawaida, akainama, akasimama, akainama tena. Kisha akamwita wifi yake kwa sauti ambayo wifi alidhani kumetokea msiba. Akaja na sabuni usoni.

"Tazama," akasema Mama Sponji.

Wakatazama. Kilikuwa kimoja, cha kahawia, kigumu, kimejikunja vizuri kama kamba ya meli. Wifi akatoa sabuni jicho moja ili aone sawasawa. Akasema ameona watoto wachanga wabaya kuliko hicho. Walisimama pale wanawake wawili wazima wakikitazama kinyesi cha mbwa kwa macho ya machozi, na Mheshimiwa katikati yao akipokea pongezi kwa unyenyekevu ambao wenye cheo chake hawana.

Manyoya yakaanza kurudi. Mbavu zikaanza kujificha. Akajifunza kulala juu ya makochi ya wateja na kushuka kabla mguu wa mwenye kochi haujafika mlangoni. Kisha, pasipo sababu, akarudi nyuma. Uwanja ukang'aa mafuta tena. Uti wa mgongo ukachomoza. Mama Sponji akamshuku mchinjaji kwamba anampa kongosho lililolala, akamtukana bure. Akamshuku daktari, akaenda kumwambia machoni, na daktari akauliza swali moja tu: anakula kingine? Mama Sponji akasema hali kingine, anaapa. Daktari akamtazama mbwa, akasema mwili ukishafika hapo safari ya kurudi ni ngumu. Ukishuka tena zaidi, huenda asirudi.

Naye akashuka zaidi. Na ndipo Mwalimu alipoitisha kikao.

Mwalimu ni mstaafu wa chumba cha kwanza, mwenyekiti wa wapangaji kwa sababu ndiye mwenye koti. Kikao kiliwekwa Jumapili mchana, viti uwanjani, na mwenye nyumba mwenyewe kaja, viatu vyeupe, kasimama kwa kuwa kila kiti alikikagua akakikataa. Ajenda moja. Mheshimiwa mwenyewe alihudhuria, kalala kivulini chini ya kamba ya nguo, ngozi imeshika mifupa.

Mwalimu alizungumza kwa Kiswahili cha ubaoni. Alisema ustaarabu wa jamii hupimwa kwa jinsi inavyowatendea wanyama. Alisema wao si watu wa kuingilia nyumba ya mtu, lakini wamevumilia harufu, na zaidi ya harufu wamevumilia kilio. Kwamba mtu akishindwa kulisha, asifuge. Kwamba kuna mbwa hapa ananyimwa chakula mchana kweupe, mlango unafungwa usoni pake, na Mungu anaona. Mwenye nyumba akadakia kwamba yeye hana haja na anachokiona Mungu, yeye ana nyumba inanuka. Amekwishazungumza na watu wa halmashauri wanaokusanya mbwa, gari litapita kesho asubuhi. Kila mtu pale alijua mbwa wanaokusanywa wanapelekwa wapi. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba kuna aliyerudi na salamu.

Mama Sponji alikuwa amefungua kinywa, misumari iwemo isiwemo, na wifi kamshika kiwiko. Na ndipo Mheshimiwa aliponyanyuka.

Alikwenda polepole, mguu mmoja unafuata mwingine kwa kubembelezwa, hadi kwa Mwalimu. Akakaa mbele yake. Akaingiza pua kwenye mfuko wa kulia wa koti, si wa kushoto, wa kulia, bila kutafuta, kama mtu anayeingia chumbani kwake gizani. Hakukuta kitu. Akamlamba kiganja.

"Toka, wewe," akasema Mwalimu, lakini kwa sauti ya mtu anayesema hilo kila siku na hasikilizwi.

Kinyozi akaanza kucheka. Akasema, "Mwalimu, mkono mtupu haulambwi."

Alipaswa kunyamaza, maana Mheshimiwa aliisikia sauti, akageuka, akamwendea na yeye, akamlamba vidole kimoja kimoja, kisha akatazama chini ya kiti chake pale ambapo, ilivyoonekana, huwa pana kitu. Kicheko kikamfia Kinyozi mdomoni. Kutoka kwake mbwa akaenda kwa Bi Ufagio, ambaye alijikunyata na kusema yeye hagusi mbwa, anajulikana, yeye na mbwa mbali mbali. Mheshimiwa hakumgusa. Alikwenda akakaa mbele ya ufagio wake uliosimama ukutani, akaulamba mpini, kwa adabu zote, na kungoja. Bi Ufagio akafunika uso kwa mtandio.

Mwenye nyumba akasema upuuzi, mbwa hulamba kila mtu. Akanyoosha mkono wake ili kuthibitisha. Mheshimiwa akausogelea, akaunusa, mbele, nyuma, akautazama, akaenda zake.

Uwanja ukawa kimya. Hata bomba lilinyamaza, ingawa hilo ni kwa sababu maji yalikuwa yamekatika.

Mama Sponji akauliza, taratibu, na waliomjua wakaogopa ule utaratibu: wanampa nini. Ikatoka kidogo kidogo. Mwalimu alikuwa anaweka kipande cha mkate mfukoni kila asubuhi, kwa huruma, na hakumwambia mtu kwa sababu hakutaka kumwaibisha jirani. Kinyozi alikuwa anampa mifupa ya chakula chake cha mchana, kwa huruma, na alijua ni yeye peke yake mwenye moyo pale uwanjani. Bi Ufagio alikuwa anamsogezea sahani kwa mpini wa ufagio, kila jioni, kwa huruma, ukoko wenye mafuta chini, thawabu zake akazihifadhi. Kila mmoja alijua kwamba mbwa ananyimwa, kila mmoja alijua kwamba ni yeye peke yake anayemwokoa, na hakuna hata mmoja aliyevuka hatua chache za saruji, akagonga mlango wa karakana, akauliza: mama, mbwa ana nini?

Tenda wema uende zako, walituambia. Ndivyo walivyofanya. Kila mtu alitenda wema, akaenda zake, na mbwa akabaki na tumbo.

Mama Sponji akaingia karakanani, akatoka na jani la mgomba, akalifungua juu ya meza ndogo ya Mwalimu, juu ya karatasi za ajenda. Akawaonyesha kongosho. Akawaeleza yote aliyoeleza daktari, kwa lugha yake yeye, ambayo haiandikiki, na alipofika pale pa kusubiri na bakuli mapajani huku mbwa analia nje, Mwalimu alivua miwani na hakuivaa tena hadi mwisho.

Mheshimiwa wakati huo alikuwa amechoka na siasa. Alizunguka viti, akafika kwa wifi, na kwa wifi hakulamba wala hakunusa. Alijilaza tu juu ya miguu yake, akashusha pumzi, kama mtu aliyefika.

Mama Sponji aliona. Alilikunja lile jani la mgomba polepole.

"Na wewe, wifi?"

"Na mimi."

"Wewe ulikuwepo. Daktari ulimsikia kwa masikio yako."

"Nilimsikia," akasema wifi. "Na yule wa kwanza nilimsikia. Yule wa kaka."

Wifi hakuangalia mtu, aliangalia mbwa. Akasema kwamba kaka yake aliomba uji. Tumbo limevimba, daktari kasema asile kitu, atafanyiwa upasuaji asubuhi. Aliomba kijiko kimoja. Yeye alikuwa nacho mkononi, kijiko, na bakuli, na uji wenyewe ulikuwa wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Hakumpa. Alitii. Asubuhi haikufika.

"Alikufa ananitazama mkono," akasema. "Na huyu ananitazama mkono. Mimi siwezi mara ya pili. Nikawa nampa mafuta ya juu ya mchuzi, kidogo tu, ukilala."

Mama Sponji alisimama hapo na misumari yake yote moyoni. Angeweza kumtukana, alikuwa na haki na alikuwa na msamiati. Akasema, "Mimi ndiye niliyekwambia usimpe. Siku ile. Ulitaka kumpa, nikakushika mkono."

"Najua."

"Hukuwahi kuniambia kitu."

"Ningesema nini? Ulikuwa sahihi."

Wakatazamana, na kama ungekuwepo ungeangalia pembeni, kwa hiyo tuseme haraka kilichofuata. Mama Sponji akapenga kamasi kwa upindo wa kanga, akasema, "Kesho unakwenda wewe machinjioni. Useme umetumwa na mimi. Watakucheka. Na wewe ndiye utakayekata, na wewe ndiye utakayekaa na bakuli, usikie anavyolia. Halafu ndiye utakayempa. Kwa mkono huo huo."

Mwenye nyumba alikuwa amesubiri vya kutosha. Alisema haya ni mambo ya kifamilia, yanagusa sana, lakini kesho gari linakuja pale pale. Akasema katika watu wote hapa yeye ndiye hana hatia, hajampa mbwa huyu hata punje. Na ilikuwa kweli. Yeye peke yake hakuwa amemdhuru. Hakuwa amemdhuru kwa sababu hakuwa amemwona. Mikono yake ilikuwa safi kama sahani ya mtu aliyekataa kuwapa wageni chakula. Wako wengi wa namna hiyo, na wengi wao ni wenyeviti wa kitu.

Mama Sponji akachukua kamba, akamwendea, akasema sawa. Watu wa halmashauri wanataka mtu wa kuwakabidhi mbwa. Waliomlisha hawatamkabidhi. Akawatazama mmoja mmoja: Mwalimu akatikisa kichwa, Kinyozi akaficha mikono makwapani, Bi Ufagio akaushika ufagio wake kwa nguvu. Basi, akasema, kamba hii hapa, ishike wewe mwenye mikono safi.

Akaishika, si muoga. Akavuta. Mheshimiwa akatoka miguuni kwa wifi, akamfuata kwa upole hatua mbili tatu, akasimama. Mgongo ukapinda. Macho yakaangalia mbali, kama ya mtu anayekumbuka jambo. Kisha mkate wa Mwalimu, na mifupa ya Kinyozi, na ukoko wa Bi Ufagio, na mafuta ya wifi, wema wote wa uwanja ule ambao haukuwahi kukutana mahali pamoja, ukakutana juu ya viatu vyeupe.

Hakuna aliyecheka mara moja. Ilichukua muda kidogo. Mwenye nyumba aliomba maji, akaambiwa yamekatika. Aliondoka akitembea kwa visigino, na langoni akageuka akasema gari la kesho atalizuia, ila atarudi mwisho wa mwezi, na akikuta harufu hii hii, gari atalipanda na kulileta yeye mwenyewe.

Ndiyo kazi iliyoanza, na wala haikuwa nzuri kuitazama. Wifi alikwenda machinjioni akarudi ananuka, akakata, akakaa na bakuli nyuma ya mlango uliofungwa huku kilio kikipita chini ya mlango, na alilia naye, mmoja ndani mmoja nje, hadi muda ulipotimia. Siku iliyofuata Mama Sponji aliuacha mlango wazi. Mwalimu akaja na kiti chake. Alikata kongosho kwa wembe wa Kinyozi, vipande sawasawa, akitapika mara moja tu. Bi Ufagio akachukua zamu ya kuzoa, kwa sababu kuzoa si kugusa. Hakuna aliyeambiwa apunguze huruma. Waliambiwa waipeleke kazini.

Mwenye nyumba aliporudi alipelekwa moja kwa moja kona ya uwanja. Akaonyeshwa. Kimoja, kigumu, cha kahawia. Alisimama pale kwa muda mrefu kuliko wa mtu asiyejali, na alipoondoka Mheshimiwa alimsindikiza hadi langoni, mbavu bado zinaonekana, lakini sasa kwa mtu anayezitafuta tu.

Hajapona. Hatapona. Akipita mgeni akamrushia kitu, uwanja mzima unalipa. Ndiyo maana langoni kuna kibao, mwandiko wa Mwalimu, msumari wa Mama Sponji: MBWA AMESHAKULA. USIMPE KITU. UKIWA NA HURUMA, GONGA.

Nawe umekisoma kibao hicho mara ngapi ukipita? Umegonga lini?

Sasa sikia. Mtaroni, nyuma ya mashine ya kusaga, yupo mwingine. Jike, mwekundu, sikio moja limeraruka. Mama Sponji kamwona, wifi kamwona, lakini mikono yao imejaa, na Mwalimu ana zamu yake, na uwanja huu hauna kona nyingine. Na wewe umemwona. Leo, asubuhi, uliporuka.

Usimtupie mfupa. Mfupa ni njia ya kuondoka haraka. Weka chini hiki unachokisoma, vaa viatu usivyovipenda, chukua gunia. Mwinue. Mpeleke kwa yule daktari wa buti, uliza ana nini, kisha usikilize jibu hadi mwisho. Ukishindwa, njoo ugonge, utaonyeshwa namna ya kukata. Lakini nyanyuka. Usiseme kesho, kesho ndiyo siku gari linapopita. Nyanyuka sasa.